Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Samaki wa Kurudisha na Samaki wa Kula

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi na wageni waalikwa,

Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu kila mwaka kueleza chama kimefanya nini. Mambo ya kawaida nitayapita haraka, maana karatasi za katibu na mhazini mnazo mikononi. Muda mwingi nitautumia kwa jambo lililotugawa tangu mkutano mkuu uliopita, ambalo limeninyima usingizi kuliko jingine lolote tangu mnipe nafasi hii: samaki tunayemvua kwa burudani, tumrudishe baharini au twende naye nyumbani?

Mtakumbuka hoja ilivyokuja. Vijana wetu walikuwa wametazama kwenye simu Wamarekani wakivua besi, samaki wa maji baridi, wa maziwa na mabwawa. Mtu anamvuta, anampima, anapiga naye picha, anambusu, anamwachia. Vijana wakasema nasi tuwe hivyo, kila samaki arudi. Wazee wakaguna. Mmoja akauliza tangu lini Mtwara tumeshiba kiasi hicho. Baada ya mjadala mrefu tukakubaliana tujaribu mwaka mmoja: katika safari za chama, samaki wote warudishwe. Mimi niliunga mkono kwa moyo mweupe. Leo nasimama kusema kwamba kanuni ile ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilitendeka nikiwa ndani ya boti.

Ilikuwa siku ya mashindano yetu. Kusi lilikuwa limelegea, bahari imetulia, tukatia nanga nje ya Msangamkuu pale mwamba unapokatika na maji yanageuka rangi ya giza. Mwenzetu mmoja akanasa chewa. Ilichukua watu wawili kumpandisha. Alipofika juu tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma, macho yametokeza, na tumbo lake la ndani limesukumwa hadi kinywani. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Tulimlaza sakafuni, tukampima, kila mtu akataka picha yake. Kisha tukamrudisha, tukapiga makofi. Alielea ubavu, akapiga mkia mara mbili tatu, mkondo ukamchukua. Kwenye daftari la mashindano tuliandika: amerudishwa hai.

Kesho yake maji yalipokupwa, akina mama waliokuwa wakitafuta pweza walimkuta mwambani, ameshaanza kuharibika. Mmoja wao alikuja mpaka nyumbani kwangu. Hakugomba. Alisema tu, "Mwenyekiti, samaki wa kulisha nyumba kumi, mmemtupa?" Sikuwa na la kumjibu.

Naomba nieleze kilichotokea, kwa sababu nilitakiwa kukijua kabla ya siku ile. Chewa ana kibofu cha hewa tumboni kinachomsaidia kukaa kwenye kina chake. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza mgandamizo sawa na wa anga lote lililo juu yetu. Samaki wa mita 40 akivutwa upesi hadi juu, hewa iliyomo tumboni mwake inataka nafasi mara tano ya ile iliyokuwa nayo. Haina pa kwenda, inasukuma kila kitu. Samaki huyo hawezi kuzama tena. Anabaki juu, jua linampiga, mwewe wa bahari wanamzunguka. Kumwachia katika hali ile hakukuwa kumrudisha. Tulimnyima mama yule kitoweo, na chewa naye hakupata uhai wake.

Baada ya tukio lile niliwachukua wajumbe wawili wa kamati tukaenda Msimbati kuzungumza na wavuvi wa mshipi, watu waliozeeka baharini. Mzee mmoja alitusikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwanangu, samaki ni riziki. Unamtaka, mvue umle. Humtaki, mwache alipo. Sasa hiyo ya kumtoa, kumchosha, halafu kumtupa akiwa nusu maiti, jina lake ni nini?"

Niliporudi nilisoma kidogo, nikashangaa kuona mzee wa Msimbati na sheria za Ulaya wamekutana njia moja bila kufahamiana. Uswisi hairuhusu kwenda kuvua kwa nia ya kurudisha. Unayemvua na anayefaa kuliwa, mle. Ujerumani nako sheria ya kulinda wanyama inakataza kumtia mnyama maumivu pasipo sababu ya maana, na burudani ya picha haihesabiwi kuwa sababu. Mwaka 2003 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba samaki aitwaye trauti ana neva mdomoni zinazoitikia jeraha. Wapo wataalamu wanaobisha kama hayo tuyaite maumivu kama yetu. Mimi si mtaalamu, lakini nimeshika samaki wengi, na sitaki tena kusema kwamba hasikii kitu.

Ingekuwa bahari ya leo ni ile ya ujana wa mzee yule, ningeishia hapo na kuwaomba tufute kanuni. Lakini wote tunajua kilichopita katika pwani hii. Baruti imevunja miamba kuanzia Kilwa hadi mpakani Ruvuma. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kwa sababu hiyo na nyinginezo. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakishakuwa wakubwa baadhi yao hugeuka madume. Ukiondoa wakubwa wote mwambani, umeondoa madume, hata kama majike bado yapo. Kwa samaki wengine jike kubwa hutaga mayai mengi kupita madogo kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo vijana wetu hawakukosea kutaka kitu kirudi. Na tusidhani kujizuia ni ugeni ulioletwa na video. Wenzetu wa Kisiwa Panza kule Pemba wanafunga mwamba wa pweza kwa muda, kijiji kizima kinakaa pembeni kikisubiri pweza wakue, kisha wanaufungua. Tofauti ni kwamba wao wanamwacha pweza shimoni mwake. Hawamchomi kwanza.

Nikataka kujua hao wavuvi wa besi walifikaje walikofika. Zamani mashindano yao yalimalizika kwa mizigo ya samaki waliokufa. Mwaka 1972 Ray Scott, mwanzilishi wa chama chao kikubwa, alianza kuwataka washindani wafikishe samaki wakiwa hai kwenye matangi ya maji na kuwaachia baada ya mizani. Desturi ile ikaenea hata mtu akiua besi mkubwa anatazamwa vibaya na wenzake. Ila wenyewe wanakiri kwamba ina mipaka. Maji ya moto yana hewa kidogo, na tangi lililopigwa na jua kutwa linaua taratibu. Tena dume la besi ndilo linalolinda mayai kiotani. Ukilibeba kwenda kulipima, samaki wadogo wanayamaliza mayai kabla hujapiga picha. Na kwenye bwawa dogo lililojaa besi kupita kiasi, wote wanadumaa. Hapo wenye mabwawa wanawasihi wavuvi wawaondoe wadogo wakawale.

Kisha mtazame besi huyo huyo nje ya kwao. Alipelekwa Ziwa Naivasha nchini Kenya mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa burudani, akawa mwenyeji na watu wakamla. Huko Japani amekuwa balaa kwa samaki wa asili, na Mkoa wa Shiga, wenye Ziwa Biwa, umepiga marufuku tangu 2003 kumrudisha majini ukishamvua. Samaki mmoja, ndoana moja. Kwao Marekani kumuua ni aibu, Shiga kumwachia ni kosa la kisheria. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tuliuliza swali letu vibaya. Tuliuliza kurudisha ni kwema au kubaya, kana kwamba jibu linakaa mkononi mwa mvuvi. Jibu linatokana na samaki mwenyewe ni nani, ametoka kina gani, na maji aliyomo yanahitaji nini. Na hayo yote yanajulikana kabla mshipi haujashuka.

Kwa hiyo kuanzia msimu wa kaskazi kamati ilisimamisha ile kanuni ya kurudisha wote, tukaanza utaratibu mwingine kwa majaribio. Uamuzi unafanyika ufukweni, kabla ya boti kusukumwa: leo tunakwenda kwa kitoweo au kwa kurudisha? Nahodha anatangaza, na hakuna kubadilisha huko mbele kwa sababu samaki aliyenaswa ni mzuri wa picha.

Safari ya kurudisha haigusi maji ya kina. Tunavua juu, tunafuata kolekole, maana ni mgumu na akifikishwa upesi anaondoka kwa nguvu zake. Ndoana ni moja, si zile za pembe tatu, na kijino chake kimebanwa kwa koleo ili itoke bila kuchana. Mshipi uwe mnene wa kutosha. Anayetumia mshipi mwembamba ili apate sifa ya kupigana muda mrefu anamchosha samaki mpaka asipone. Mikono iloweshwe kwanza, maana ule utelezi wa ngozi ndio kinga yake. Asilazwe mchangani wala kwenye ubao uliochomwa na jua. Picha ipigwe akiwa majini, na asipotulia, hakuna picha.

Safari ya kitoweo inapangiwa kiasi, na kiasi kikifika mishipi inapandishwa. Hili ndilo lililonipa shida kubwa kueleweka. Mkishapata mliowahitaji mwambani, msiendelee "kwa mchezo tu" mkisema wengine mtawarudisha. Kule chini hakuna kurudisha. Chewa aliyetoka kina kirefu ni wa kuliwa, awe amekusudiwa au la, na akihesabiwa tunahama. Nguru naye, kwa anavyopigana hadi tone la mwisho, mara nyingi akifika botini ameshakwisha. Tumhesabu kuwa wa sufuria. Ndugu zetu wa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003 walimpata kwenye jarife silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia iliwahi kudhani amekwisha kabisa. Samaki wa kina na baridi kama yule hata umrudishe kwa heshima zote, huwezi kumrudishia kina chake.

Na tunachokipata kinaliwa. Hatukiuzi. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa kuwa mwaka huu mwenzetu mmoja alipeleka nguru mnadani, na wavuvi wa pale walikuja kunilalamikia kwa haki kabisa. Wao wanalipia leseni ya uvuvi wa biashara, mafuta na vibarua. Sisi tuna leseni ya burudani na mishahara mahali pengine. Samaki wetu ale mvuaji na nyumba yake, wanaozidi wagawiwe waliopo ufukweni boti inapofika, wakiwamo wazee wasioweza tena kwenda baharini.

Si wote waliofurahi. Vijana wawili watatu waliniambia nimerudi nyuma, na kwamba wageni wanaokuja Mikindani na fimbo zao za bei kubwa watatucheka wakituona tunashusha samaki wa kula. Sioni hivyo. Mgeni aelezwe utaratibu, na asiyeutaka atafute boti nyingine. Upande wa pili, mwanachama mmoja, dada yetu aliye mwalimu, aliniuliza swali ambalo halijaniachia: kama samaki anaumia, na kwetu kula tunakula, kwa nini tuendelee na zile safari za kurudisha hata hao kolekole? Nilimjibu kwamba mtu asiyewahi kumshika samaki hai mikononi hatasimama kijijini kupinga baruti, na kwamba wengi wetu hapa tulianza kuijali bahari kwa njia hiyo. Nayaamini hayo. Lakini nakiri kwake mbele yenu kwamba jibu hilo linanihudumia mimi, halimhudumii kolekole, na ndiyo maana safari hizo nimezipunguza na napendekeza zibaki chache.

Mengine kwa ufupi. Ada zimelipwa kwa kusuasua hadi malipo ya korosho yalipoingia. Taarifa ya mhazini inaonyesha tulivyofunga mwaka, na mkaguzi ameridhika. Injini ya boti imefanyiwa matengenezo. Maboya ya kujiokolea yametosha kila safari, na hatukupata ajali, tunamshukuru Mungu. Ushirikiano na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani ni mzuri, na wamekubali kuja kutufundisha sheria zinazogusa maeneo ya hifadhi, ambazo baadhi yetu tumekuwa tukizikisia.

Hoja iliyo mbele yenu, namba 5 kwenye ajenda, inasema hivi: kwamba chama kiondoe kanuni ya kurudisha samaki wote, kwamba kila safari itangazwe kabla ya kuondoka kuwa ni ya kitoweo au ya kurudisha, kwamba pasiwe na uvuvi wa kurudisha kwenye maji yanayozidi mita 20, na kwamba safari za kurudisha zisizidi nne kwa mwaka. Katibu ana karatasi za kura. Ambaye hajamaliza ada anaruhusiwa kuchangia mjadala, ila kura atasubiri.

Kabla hatujapiga kura, nimemwalika mama yule aliyemkuta chewa mwambani. Amekaa mstari wa pili, karibu na dirisha. Hakuwa ameombwa ushauri tulipopitisha kanuni ya mwaka jana, na bahari tunayoivua ndiyo anayoikanyaga kila maji yanapokupwa. Namwomba asimame aseme analotaka kusema, kwa muda anaoutaka, kisha tuendelee.