Mifumo ya kompyuta ipangwe na wanaoijenga pamoja na wanaoitumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo linalowagusa wote wanaoagiza, wanaojenga na wanaotumia mifumo ya kompyuta hapa Zanzibar. Mwananchi anapofika dirishani akaambiwa kuwa mfumo umegoma, lawama huangukia mtandao, au karani aliyekaa mbele yake. Mimi natengeneza programu kwa mwaka wa 11 sasa, Unguja na Pemba, na nilichokiona ni kwamba mifumo mingi inayotushinda huwa imeshaharibika kabla haujaandikwa hata mstari wake mmoja, yaani pale ilipopangwa.

Nianze na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu cha watu watano kilipewa kazi na mnunuzi mmoja wa mwani, kaskazini ya Pemba, ya kutengeneza mfumo wa kupimia mzigo na kuwalipa wakulima. Tulikabidhiwa kitabu cha mahitaji chenye kurasa 80, kilichoandikwa mjini na watu wenye nia njema, na tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa imeshapangwa. Tukajifungia miezi 14, na kila kilichoandikwa kitabuni tulikijenga. Siku ya kwanza katika banda la kupimia, karani, mama mtu mzima ambaye wote pale humwita Bi Mkubwa, aliishika simu tuliyompa na kuutazama ukurasa wa mwanzo, ambao ulidai nambari ya kitambulisho cha mkulima kabla ya uzito. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye polo la mwani mkavu kichwani. Katika banda lile polo hutundikwa kwenye mizani kwanza, uzito husomwa kwa sauti ili mwenye mali asikie, ndipo jina huandikwa. Sisi tulimtaka mwanamke yule asimame na mzigo wake mpaka nambari ipatikane. Vidole vya karani vilikuwa na chumvi na jasho, na kioo cha simu hakikuvitambua. Aliifuta simu kwa upindo wa kanga, akajaribu tena, kisha akaiweka mezani taratibu na kulifungua daftari lake. "Wanangu," alituambia, "mngalikuja mkaniuliza." Mfumo ule ulitumika siku tatu.

Mtindo huu wa kupanga kila kitu mwanzo, kisha kujenga, kisha kujaribu mwishoni kabisa, watu wa fani huuita maporomoko, kwa sababu kazi hushuka ngazi moja hadi nyingine bila ya kurudi juu. Mara nyingi huhusishwa na makala ya mhandisi wa Marekani, Winston Royce, ya mwaka 1970. Linalonisikitisha ni kwamba katika makala hiyohiyo Royce alionya kuwa kujenga kwa namna hiyo ni hatari na hukaribisha kushindwa. Waliokuja baadaye waliuchukua mchoro wake, onyo wakaliacha. Mwezi wa Februari mwaka 2001, watengeneza programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi la utaratibu unaoitwa ajaili, yaani wa wepesi. Walisema kuwa wanathamini zaidi watu na mazungumzo yao, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja, na utayari wa kubadilika. Hawakusema kuwa mikataba, nyaraka na mipango haina thamani. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimewasikia vijana wenzangu wakiitumia ajaili kama ruhusa ya kufanya kazi bila mpango, na huko ni kuwadhulumu walioutunga utaratibu huo na wateja wanaotuamini.

Tulipopewa nafasi ya pili na mnunuzi yuleyule, tuliomba jambo moja tu, nalo ni kuruhusiwa kupanga wiki mbili kwa wiki mbili. Katika utaratibu wa skramu, ambao ni tawi mojawapo la ajaili, kipindi hicho huitwa sprinti na hakitakiwi kuzidi mwezi mmoja. Sisi tulikiita bamvu, yaani siku za maji makubwa ya bahari, na jina hilo halikuwa la mapambo. Kikao chetu cha kwanza cha kuwaonesha wakulima kazi tuliyoifanya tulikiweka saa nne asubuhi, na hakuja mtu ila mlinzi wa banda, kwa sababu siku ile maji yalikuwa ya bamvu, yamekupwa hadi mbali, na wanawake wote walikuwa mashambani mwao baharini wakifunga mbegu kwenye kamba. Tangu hapo kazi ya kuandika programu tunaifanya wakati wa bamvu, na yakiingia maji mafu, wakulima wakawa nchi kavu, ndipo tunapokaa nao, tukawaonesha tulichokimaliza na kupanga kinachofuata. Mwezi una bamvu mbili, na kwa hiyo vikao viwili. Hatukuhitaji kalenda kutoka ng'ambo.

Bamvu la kwanza tulitoa kitu kimoja tu: uzito kwanza, jina baadaye, na vitufe vikubwa vya kuweza kubonyezwa na kidole chenye chumvi. Bi Mkubwa alikitumia siku ileile. Bamvu la pili tukaongeza kupunguza uzito wa polo lenyewe, jambo ambalo halikuwamo kabisa katika zile kurasa 80, na ambalo ndilo lililokuwa likizusha ugomvi kila siku ya mauzo.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni makadirio: nani aseme kuwa kazi hii itachukua muda gani. Kwetu swali hili huulizwa kikaoni mbele ya mkubwa, na mkubwa huanza kwa kusema mwenyewe. Akishasema "hii ni kazi ya wiki moja", kijana aliyekaa mwisho wa meza, ambaye ndiye atakayeifanya na anajua kuwa haitapungua mwezi, hunyamaza. Hanyamazi kwa woga peke yake. Ananyamaza kwa adabu aliyofunzwa nyumbani na chuoni, kwamba mkubwa hakosolewi hadharani, na adabu hiyo mimi siitaki ipotee. Lakini gharama ya ukimya wake tunailipa sote mradi unapochelewa.

Kuna mbinu inayolitatua jambo hili bila ya kumvunjia mtu heshima yake. Mwaka 2002 mtaalamu James Grenning alieleza namna ya kukadiria kwa karata. Kila mjumbe hupewa karata zenye nambari za kuonesha uzito wa kazi, kwa kawaida 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea, na nafasi baina yake hutanuka kadiri zinavyopanda, kwa kuwa kazi ikiwa kubwa kukisia kwetu nako hupungua uhakika. Kazi moja husomwa na kuelezwa. Kila mmoja huchagua karata yake na kuilaza kifudifudi, kisha zote hufunuliwa kwa pamoja. Nambari zikipishana sana, aliyetoa kubwa kabisa na aliyetoa ndogo kabisa hueleza sababu zao, halafu karata huchezwa tena. Mkubwa hatangulii kusema wala mdogo hamfuati, na kijana anapoulizwa sababu ya karata yake huwa ameombwa aseme, hakumkatiza mtu.

Nitatoa mfano mmoja wa faida yake. Tulikuwa tunakadiria kazi ya kumtumia mkulima ujumbe mfupi wa simu baada ya mzigo wake kupimwa, ukitaja kilo na fedha anazostahiki. Karata nne zilifunuliwa zikiwa 2, 3, 2 na 3. Ya tano, ya msichana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo na mwenyeji wa kijiji cha jirani na banda lile, ilikuwa 13. Alipoombwa aeleze, alisema kwa sauti ya chini kwamba wakulima wengi hawana simu zao wenyewe, kwamba nambari walizotoa ni za waume au watoto wao wa kiume, na kwamba ujumbe unaotaja fedha za mwanamke utafika kwenye mkono usio wake. Chumba kizima kilinyamaza. Wanaume wanne tulikuwa tumeiona kazi ya kuunganisha mitambo, na yeye alikuwa ameyaona maisha ya watu. Siku ileile ujumbe wa simu ukaondolewa kuwa lazima, na tukapanga stakabadhi ya karatasi anayokabidhiwa mkulima mkononi mwake. Lau angaliulizwa baada ya mimi kusema, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kikundi, naamini asingalifungua mdomo.

Nambari hizo si siku wala saa. Ni kipimo cha uzito wa kazi moja ikilinganishwa na nyingine. Baada ya mabamvu matatu au manne kikundi hujua kinamaliza uzito wa kiasi gani kwa kipindi, na hapo ndipo ahadi ya tarehe inapopata msingi. Viongozi wasizichukue nambari hizo kuwa fimbo ya kuwalinganishia vijana, kwa sababu wakishajua kuwa wanapimwa kwazo watazikuza, na makadirio yatakosa maana. Hali kadhalika kikao kifupi cha kila asubuhi, kisichozidi dakika 15, ni cha wenzi kupeana khabari za kazi, na hakifai kugeuzwa kuwa mahojiano.

Natambua kwamba tarehe nyingine haziwezi kusogezwa. Miradi mingi huzinduliwa katika shamrashamra za Mapinduzi mwezi wa Januari, na mgeni rasmi hangoji. Mimi sina tatizo na tarehe iliyofungwa, ilimradi kinachoingia ndani yake kiachwe wazi, kikundi kimalize yaliyo muhimu kwanza, na siku ikifika kizinduliwe kilichokamilika na kujaribiwa. Tatizo huja pale tarehe, orodha ya kazi na fedha vyote vinapofungwa kwa pamoja, kisha zikibaki wiki tano wakubwa waamue kuongeza vijana wapya ili kazi iende mbio. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, programu ya kuendeshea kompyuta kubwa, katika kampuni ya IBM, aliandika tangu mwaka 1975 kuwa kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu wageni wanahitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni walewale waliokuwa wakifanya kazi.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara katika afisi ni kuwa fedha za umma haziwezi kutolewa kwa mpango unaobadilika, kwani mkaguzi wa hesabu atauliza. Ni hoja ya haki na naiheshimu. Hata hivyo mfano upo. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, mwaka 2005 iliutupa mfumo wake wa kutunza majalada ya kesi baada ya kuugharimia zaidi ya dola milioni 100. Mfumo uliofuata, uitwao Sentinel, nao ulisuasua mikononi mwa mkandarasi, mpaka mwaka 2010 idara hiyo ilipouchukua na kuuendeleza yenyewe kwa kikundi kidogo kilichofuata skramu, na mwaka 2012 ukaanza kutumika. Zile zilikuwa fedha za umma, na wakaguzi wao walikuwapo. Mkaguzi anayeoneshwa kila baada ya wiki mbili kitu kinachofanya kazi ana ushahidi mwingi zaidi kuliko anayeoneshwa kitabu cha mahitaji na ahadi ya mwakani.

Kwa hiyo naziomba afisi zetu, za umma na za binafsi, ziandike zabuni za mifumo kwa vipande vidogo, na kila kipande kilipwe baada ya mtumiaji wake halisi kukijaribu mahali pake pa kazi. Naomba pia kila afisi inayoagiza mfumo imtoe mfanyakazi mmoja anayeijua kazi kwa mikono yake, apunguziwe majukumu mengine, na akae na watengenezaji mwanzo hadi mwisho akiwa na mamlaka ya kusema hiki kitangulie na kile kingoje. Asiwe mkuu wa kitengo asiyepata nafasi. Awe karani, muuguzi au mshika ghala. Na vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta viwape wanafunzi mazoezi ya kukadiria kazi kwa vikundi pamoja na hizo lugha za programu, maana vijana wanatufikia wakijua kuandika programu vizuri sana bila ya kuwahi kuulizwa itawachukua muda gani.

Banda lile la mwani bado linatumia mfumo wetu, na sisi bado tunakwenda. Yakiingia maji mafu hukaa hapo baada ya sala ya alasiri, na Bi Mkubwa, ambaye sasa ana karata zake mwenyewe, huzilaza mezani pamoja na zetu. Mkuu wa afisi yoyote anayefikiria kuagiza mfumo na angependa kukiona kikao cha namna hiyo kabla hajatia saini, tutampokea.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtengeneza programu,
Wete, Pemba.