Kabla ya kufunga sola, soma mita yako jioni na asubuhi

Wateja wengi wanapotupigia simu huanza hivi: "Nyumba yangu ina vyumba vitatu, nifunge paneli ngapi?" Hatuwezi kujibu, kwa sababu vyumba havili umeme. Nyumba mbili za ramani moja, zilizopakana ukuta kwa ukuta, moja inaweza kutumia uniti 3 kwa siku na ya pili 12 (uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja). Kwa hiyo nasi huuliza swali letu: umeme wako unautumia saa ngapi?

Paneli hutoa sehemu kubwa ya umeme wake kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Muda huo, katika nyumba nyingi, watu wapo kazini na shuleni, na kinachofanya kazi ni friji tu. Jua likishazama ndipo taa zinawashwa, televisheni inawashwa, nguo za kesho zinapigwa pasi na maji ya kuoga yanapashwa moto. Pengo hilo la mchana na usiku huzibwa na betri, na betri ndizo zinazochakaa mapema kuliko kifaa kingine chochote kwenye mfumo. Paneli nzuri huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 hivi, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani, mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15. Betri za asidi zikitumiwa vibaya huweza kufa ndani ya miaka miwili.

Ndiyo maana tunakuomba kazi ndogo ya siku saba. Andika namba ya mita saa kumi na mbili jioni, kisha saa kumi na mbili asubuhi. Kama mita yako ni ya kulipia kabla, andika uniti zilizobaki, na ukinunua nyingine katikati, ziandike pia. Mwisho wa wiki utajua usiku wako unakula kiasi gani, na hiyo ndiyo namba tunayoitaka kuliko zote.

Tuchukue nyumba inayotumia uniti 6 kwa siku: 2.5 mchana na 3.5 usiku. Paneli moja ya wati 400, mahali penye wastani wa saa 5 za jua kali kwa siku, ingetoa uniti 2 kwenye karatasi. Toa joto, vumbi, waya na inveta, unabaki na 1.5 hivi. Paneli nne zinatosha siku ya jua, lakini sisi tungefunga sita kwa ajili ya mawingu. Sasa usiku. Betri ya asidi ya volti 12 na saa-ampia 200 ina uniti 2.4, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo unahitaji tatu, na kwenye mfumo wa volti 24 zitakuwa nne kwa kuwa hufungwa mbili mbili. Betri ya lithiamu hukuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi, hivyo moja ya uniti 5 inakutosha na akiba inabaki. Ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini kwa mtu atakayeitumia kila usiku, sisi huishauri bila kusita.

Vifaa vya kupasha moto ndivyo vinavyovuruga hesabu. Birika la umeme huvuta wati 2,000 hivi, na hita ya kuogea huweza kupita 3,500. Ukitaka betri zibebe hita, mfumo wote unavimba kwa ajili ya dakika chache za kuoga. Ihamishie kazi hiyo kwenye mtambo wa kupasha maji moja kwa moja kwa jua, na pasi uipige mchana. Friji haitumii wati nyingi, ila inapowaka huvuta ghafla mara kadhaa ya kiwango chake, kwa hiyo inveta ichaguliwe kwa kuangalia mvuto huo.

Kisha tunapanda juu ya paa, na hapo ndipo mara nyingine tunamwambia mteja asubiri. Bati lililoanza kutu halistahili kubebeshwa kitu cha miaka 25. Badilisha bati kwanza, maana kuzifungua paneli na kuzirudisha ni kulipia kazi ileile mara mbili. Kila paneli ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na upepo unapoingia chini yake huivuta kwenda juu, kwa hiyo fremu ishikwe kwenye mbao za kenchi au papi, si kwenye bati tupu. Iachwe nafasi ya hewa kati ya paneli na bati, kwa sababu joto hupunguza umeme: seli ikifika nyuzi 60, unapoteza zaidi ya asilimia 10 ya kiwango kilichoandikwa.

Kivuli nacho kisidharauliwe. Tawi moja, dishi, au tangi la maji likifunika sehemu ya paneli moja, linaweza kushusha uzalishaji wa safu nzima iliyounganishwa nayo. Tuonyeshe paa lako saa tatu asubuhi na tena saa tisa alasiri. Picha ya saa sita mchana huficha mengi.

Jambo moja huwashtua watu baada ya kulipa, nasi hatupendi ulijue siku hiyo. Mfumo uliounganishwa na gridi, yaani nyaya za umeme wa shirika, bila betri huzimika gridi inapokatika, hata jua liwe kali namna gani. Umetengenezwa hivyo makusudi, usije ukarudisha umeme kwenye nyaya wakati mafundi wanazishika. Kama unafunga sola kwa sababu ya kukatika kwa umeme, sema mapema, ili tukuwekee betri na inveta inayoweza kujitenga na gridi.

Na kama gridi yako ni ya uhakika, bili ni ndogo, au umepanga nyumba na huna hakika ya kukaa, anza na balbu. Ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Tumeshawarudisha nyumbani wateja kwa ushauri huo, na wapo waliorudi baadaye wakahitaji mfumo mdogo kuliko ule waliokuwa wameuomba.

Ukishapata namba zako za siku saba, tutumie pamoja na orodha ya vifaa vyako na picha za paa kutoka pande zote. Tutakuandikia hesabu yako, ya mchana peke yake na ya usiku peke yake, kabla hatujataja kifaa chochote cha kununua.