Shukrani kwa mzee tuliyekutana foleni ya fotokopi, Moshi

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma.

Mimi ni yule mama wa Rau niliyekuonyesha kwenye simu picha ya chuma kilichozama kwenye zege, chenye herufi na namba, kilichoibuka kwenye ukoka wangu tulipokuwa tunafyeka. Nilishaambiwa na majirani kwamba kiwanja kimeuzwa mara mbili, au barabara inakuja. Usingizi ulikuwa umekwisha.

Wewe ulitazama picha, ukauliza swali moja tu: kipo kona au katikati? Katikati. Ukaniambia bikoni ya kiwanja hukaa kwenye kona za mpaka, kwa hiyo hii huenda ni alama ya msingi, ile ambayo wapimaji huanzia vipimo vya eneo zima. Ukanisihi nisiing'oe wala kuisogeza, kwani Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, inazilinda alama hizo. Halafu ukaniandikia nyuma ya karatasi yako mwenyewe: nenda ofisi ya ardhi, omba ramani ya upimaji, linganisha namba.

Nimelinganisha. Ni alama ya msingi kweli, na kona zangu zote ziko palepale hati inaposema. Vijana nimewaambia wafyeke kuizunguka.

Ulipoteza zamu yako kwenye foleni kwa ajili ya mtu usiyemjua. Asante sana, baba. Mungu akutunze.