Waandishi wa vitabu vya Kikristo, msomaji wenu ni nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu malalamiko ambayo yamekuwa yakijitokeza katika safu hii ya barua, kwamba wachapishaji wa hapa nchini na mawakala wa waandishi walioko ng'ambo wanaipa kisogo miswada ya Kikristo inayotoka Tanzania. Nimesoma miswada ya aina hiyo kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, kwanza kwa niaba ya mchapishaji, na sasa kwa ajili ya waandishi wanaotaka kuitafutia kazi yao mlango. Kwa niliyoyaona, mingi inayorudishwa hurudishwa kwa sababu ambayo mwandishi angeweza kuiondoa mwenyewe kabla hajaupeleka mswada wake popote, nayo ni kwamba hakujiuliza anamwandikia nani.

Wakala wa waandishi ni mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kukutana naye, kwa maana kazi hiyo karibu haipo katika biashara yetu ya vitabu. Nchini Marekani, ambako baadhi ya wachapishaji wakubwa wa vitabu vya Kikristo wana ofisi zao katika miji kama Grand Rapids na Nashville, wengi wao hawapokei mswada uliotumwa moja kwa moja na mwandishi. Sharti upitie kwa wakala. Yeye husoma, huchagua, humsaidia mwandishi kurekebisha, hutafuta mchapishaji anayefaa na kujadili mkataba, na ujira wake kwa kawaida ni asilimia 15 ya kile mwandishi anacholipwa. Hatozi ada ya kusoma. Nalisisitiza hili kwa sababu zaidi ya mchungaji mmoja ameniletea barua pepe kutoka nje inayomsifia kitabu chake, kisha mwishoni inamtaka atume dola mia kadhaa ili kazi ianze. Anayeomba fedha kabla hajauza chochote si wakala, na mtumishi wa Mungu asikubali kuchangiwa na waumini wake kwa ajili ya jambo hilo.

Kwa sababu wakala halipwi mpaka kitabu kinunuliwe, jicho lake ni kali. Hutaka kwanza barua ya ukurasa mmoja, inayoeleza kitabu kinahusu nini, kimeandikwa kwa ajili ya nani, na mwandishi ni nani hata tumsikilize katika jambo hilo. Kwa kitabu cha mafundisho au ushuhuda, huomba pia pendekezo lenye muhtasari wa kila sura, sura mbili au tatu kamili, na maelezo ya vitabu vingine vinavyogusa jambo lile lile, ili aone hiki kinaongeza nini. Kwa riwaya, hasa ya mtu ambaye hajawahi kuchapishwa, hutaka mswada wote uwe umekamilika. Hapa kwetu kazi hiyo ya kuchuja hufanywa na mhariri wa nyumba ya uchapishaji, na wazee wetu waliokuwa wakipeleka miswada Central Tanganyika Press kule Dodoma, au kwa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, waliijua vizuri kalamu nyekundu. Maswali ya mhariri huyo na ya wakala wa Marekani hayatofautiani sana.

Naomba nieleze kwa mfano mmoja. Mwaka juzi mwalimu mstaafu wa kike kutoka Mbagala aliniletea kaunta buku mbili alizozifunga kwenye kipande cha kanga. Alikuwa ameandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, sura kumi na mbili kuhusu faraja ya Mungu kwa wafiwa. Sura tisa zilikuwa mafundisho ambayo yeyote aliyekulia kanisani amekwisha kuyasikia: kwamba mateso ni ya muda, kwamba Mungu hamwachi mjane, kwamba tutaonana mbinguni. Sikuwa na neno la kuyapinga. Lakini katika sura ya tatu alieleza jinsi alivyolala kwenye mkeka sebuleni pamoja na wanawake wa ukoo siku za matanga, na jinsi, watu walipotawanyika na maturubai kushushwa, alivyoendelea kwa miezi kuchemsha chai ya vikombe viwili kila alfajiri, akaimwaga ile ya pili chini ya mpapai kabla watoto hawajaamka, na jinsi alivyoshindwa kusali sala yoyote isipokuwa kulitaja jina la mumewe. Kurasa hizo nne nilizisoma nikiwa nimesimama.

"Mama," nilimwuliza aliporudi, "kitabu hiki umemwandikia nani?"

"Watu wote, mwanangu. Neno la Mungu ni la watu wote."

Nilimwomba anitajie mmoja tu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema ana mdogo wake Morogoro ambaye tangu amzike mumewe haendi tena kanisani, kwa sababu kila akienda anaambiwa asilie. Tangu alipomtaja huyo, tulianza kuzungumza habari za kitabu. Tuliona kwamba sura tisa zile zilikuwa zikirudia maneno yale yale ambayo yule mdogo mtu amekwisha kuyakimbia, na kwamba ile ya tatu ndiyo angeisoma usiku akaimaliza.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuileta biashara madhabahuni. Nawaomba wafungue Injili ya Luka wasome aya nne za kwanza, kwa kuwa kila anachokitafuta wakala katika barua ya mwandishi kimo humo. Luka anakiri kwamba wengi wamekwisha kuandika kabla yake. Anaeleza habari zake zimetoka kwa nani, yaani kwa walioona kwa macho yao. Anasema amejitafutia kwa usahihi mambo yote tangu mwanzo. Anamtaja msomaji wake kwa jina, Theofilo. Na anamweleza kwa nini anamwandikia, "upate kujua hakika ya mambo yale uliyofundishwa". Aliandika kwa mtu mmoja, na mpaka leo tunamsoma sisi sote. Nimesoma barua nyingi za waandishi waliojaza ukurasa mzima kwa vyeo vyao na majina ya maaskofu waliowaandikia dibaji, bila kusema hata moja kati ya mambo hayo matano.

Jambo la pili linaloufunga mlango ni neno "ufunuo" linapotumiwa kama ngao. Naamini kwamba Mungu huwaagiza watu kuandika, na sina haja ya kubishana na mtu kuhusu alichokisikia akiwa magotini. Lakini mwandishi anapoanza barua yake kwa kusema kwamba kitabu amepewa na Roho, na kwa hiyo kisibadilishwe hata neno moja, anayeipokea hujua kwamba hataweza kufanya naye kazi. Katika sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia, mfalme Yehoyakimu alilikata gombo akalichoma motoni. Yeremia akatwaa gombo lingine, Baruku akaandika tena maneno yote kutoka kinywani mwake, na mengine mengi ya namna ile yakaongezwa juu yake. Nabii aliyepokea neno la Bwana alimhitaji mwandishi, na uandishi wa pili ulizidi ule wa kwanza. Sioni kwa nini sisi tuone haya kuandika mara tatu au nne.

Kisha yapo mahubiri. Miswada mingi ninayoletewa ni mahubiri yaliyonaswa kwenye simu, yakanukuliwa na kijana wa kwaya, yakagawanywa sura. Mahubiri mazuri ni kitu cha thamani, lakini yaliandaliwa kwa ajili ya masikio ya watu waliokusanyika. Yanapumua kwa haleluya za kusanyiko, na hurudia neno mara nne kwa kuwa mara nne hizo zilipanda pamoja na sauti. Karatasi haina sauti. Mhubiri akisema "mgeukie jirani yako umwambie", maneno hayo hayana kazi kwa msomaji aliye peke yake kitandani saa tano usiku. Kuyageuza mahubiri kuwa kitabu ni kazi ya miezi: kutafuta wazo moja linalobeba yote, kuondoa marudio, kujibu swali ambalo msikilizaji hakupata nafasi ya kuliuliza, na kuyaandika kwa Kiswahili kinachosimama chenyewe bila mikono ya mhubiri kukisaidia. Ukubwa nao ni wa kuangaliwa. Vitabu vingi vya mafundisho vinavyopita kwa mawakala huwa na maneno kati ya 40,000 na 60,000, na mahubiri matatu yaliyounganishwa hayafiki huko hata yakipambwa vipi.

Kuhusu Maandiko nitasema machache, ila ni mazito. Nukuu lazima ionyeshe imetoka katika tafsiri ipi. Union Version ya 1952 na Habari Njema hazisemi kwa maneno yale yale, na mwandishi anayechanganya tafsiri hizo katika aya moja bila kutaja humwonyesha mhariri kwamba alinukuu kwa kumbukumbu. Anayetaka kunukuu sehemu ndefu aombe ruhusa kwa wenye haki ya tafsiri. Na anayechukua mahubiri ya mhubiri wa Nigeria au Marekani kutoka YouTube, akayatafsiri na kuweka jina lake kwenye jalada, anavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na anaivunja akiwa na Biblia mkononi. Nimekutana na jambo hili zaidi ya mara moja, na kila mara lilinihuzunisha kuliko kosa jingine lolote, kwa sababu aliyelifanya alikuwa na ushuhuda wake mwenyewe ambao hakuuona kuwa na thamani.

Riwaya ndiyo ninayoisubiri kwa hamu kuliko vyote, na ndiyo inayokuja mara chache. Nyingi hufuata njia moja: kijana anatoka kijijini, anafika Manzese, anaanguka katika ulevi, anapita karibu na mkutano wa injili Viwanja vya Jangwani, anaokoka, na katika kurasa mbili za mwisho anapata kazi, mke na nyumba. Sina shaka kwamba watu huokoka Jangwani. Ninachokishuku ni dhambi isiyo na utamu wowote na wokovu usiogharimu chochote, kwa sababu msomaji wa Manzese anaijua Manzese na hatadanganyika. Yesu mwenyewe, katika mfano wa mwana mpotevu, anatuacha uani pamoja na yule ndugu mkubwa aliyekasirika, na hatuambiwi kama mwishowe aliingia katika karamu au la. Mwandishi anayeweza kuacha swali kama hilo wazi, akamwamini msomaji wake, atampata wakala.

Mawakala huuliza pia kama mwandishi ana watu wanaomfahamu, na jambo hilo huwatisha wengi wasio na wafuasi mitandaoni. Kwa maoni yangu linatiliwa uzito kupita kiasi, ingawa lina mantiki yake. Mwalimu wangu wa Mbagala hana hata simu janja, lakini kwa miaka ishirini na zaidi ameongoza kikundi cha wajane katika mtaa wake, na anaalikwa kusema katika semina za akina mama Temeke nzima. Hao ndio wasomaji wake wa kwanza, na hilo tuliliandika kwenye barua.

Najua kwa nini wengi huiruka safari hii yote. Mchapaji wa mitaani hahoji. Unampelekea flashi na malipo ya awali, na baada ya wiki chache unabeba maboksi ya vitabu unavyoviuza mlangoni baada ya ibada. Simlaumu mtu, kwa sababu nami nilichapisha kitabu changu cha kwanza hivyo, nakala elfu moja, na miaka kumi baadaye maboksi manne bado yalikuwa chini ya kitanda yakiliwa na mchwa. Washirika wa kanisa langu walinunua kwa upendo. Nje ya kanisa langu hakuna aliyekijua, kwa kuwa sikuwa nimemfikiria mtu yeyote wa nje nilipokuwa nikiandika, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa nyumba za uchapishaji za makanisa na za watu binafsi hapa Dar es Salaam na mikoani. Tangazeni waziwazi, hata katika gazeti hili, mnapokea miswada ya aina gani, mwandishi alete nini mezani kwenu, na atajibiwa ndani ya muda gani. Mwandishi aliyekaa mwaka mzima bila jibu hujifunza jambo moja tu, kwamba aende kwa mchapaji. Na mnaporudisha mswada, mwandikieni japo mistari mitatu ya sababu.

Kaunta buku za yule mama zimekwisha kuwa kurasa zilizochapwa, na ziko mezani pangu kwa mara ya tatu. Sura za mafundisho zimebaki mbili. Sasa kitabu kinaanza na vikombe viwili vya chai, na mwezi uliopita aliupeleka mwanzo huo Morogoro kwa mkono wake, akamsomea mdogo wake jikoni, na akaniambia kwamba mdogo wake alimwomba aache karatasi.

Wako katika kazi,
Msomaji wa miswada,
Kijitonyama, Dar es Salaam