Kijisanduku cha udi

Mwanangu Salma,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Baba yako anakusalimu, goti lake ni lile lile.

Juzi kwenye simu ulicheka uliponambia kazini wanakuuliza unatoka wapi hasa, nami nikacheka. Simu ilipokatika usingizi haukuja. Nikaichukua By the Sea, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2001 uliyoniachia ukidai Kiingereza chake hakitanishinda. Kilinishinda, lakini kamusi ninayo.

Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anashuka Gatwick, uwanja wa ndege wa Uingereza, na pasi yenye jina la mtu mwengine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, basi amekaa kimya anamsikiliza afisa akimsema usoni. Na afisa huyo, wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Romania! Ila kwake wao ni Wazungu, haki yao kuingia. Anapekua mzigo, anakikuta kijisanduku cha udi, anakichukua. Basi.

Hapo nikafunga kitabu nikalia. Nilikuwa naukumbuka udi niliokutilia begini, ukautoa pale pale uwanja wa ndege: "Mama, nguo zote zitanuka." Siku ile uliniudhi. Sasa nasema labda ulikuwa unawajua wale watu kuliko mimi.

Mwaka 2021 Gurnah alipopata Nobeli ya Fasihi, barazani hapa ulizuka ubishi: wetu, si wetu, kaondoka, anaandika Kiingereza. Mtu aliondoka kijana baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, asiweze kurudi mpaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi tu kabla hajafariki. Wabishi wale wengi hata Pemba hawajavuka.

Mjomba wako mkubwa naye aliondoka miaka ile ile. Sijapata kukuhadithia siku aliyorudi. Nilikuwa uani napepeta mchele. Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida yetu, naye akasimama nje akapiga hodi. Hodi, nyumbani kwa mama yake! Bibi yako akaitika "karibu" vile vile anavyomwitikia muuza samaki, hata kichwa hakuinua. Mjomba hakuingia. Akapiga tena. Nilipotoka nikamwona amevua viatu, amevishika mkononi, kama hajui pa kuviweka. Alikaa wiki mbili, na wiki zote mbili akiomba maji badala ya kwenda mtungini mwenyewe.

Peponi, riwaya yake Gurnah nyingine, nimeisoma kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Hiyo haikutaka kamusi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anamdhania tajiri Aziz ni ami yake, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba. Khalil ndiye anayemfumbua macho. Nawe huko usiwe mwepesi wa kumwita mtu ami.

Hilo swali lao, wajibu utakavyo. Ukitaka kuwaambia Malindi, mtaa wetu hapa Unguja, waambie Malindi, wahangaike wenyewe kuitafuta kwenye ramani.

Shoga yangu anasafiri mwezi ujao, anakuja kwa bintiye. Nimempa udi kidogo, nimeufunga ndani ya kopo la kahawa, na kopo ndani ya mfuko mwengine. Hautanuka. Usipoutaka, arudi nao, sitasema kitu.

Na ukija Disemba, ole wako nikusikie unapiga hodi.

Mama yako