Kuna watu wa mpira Kansas

Lawrence, Kansas
31 Oktoba 2023

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Mimi huku mzima, baridi ndiyo imeanza kubisha hodi. Wanafunzi wangu wa Kiswahili wanaendelea vizuri, na wengine sasa wananisalimia shikamoo hadi njiani.

Umeniuliza kama nimeshaingia Allen Fieldhouse, ukumbi wa kikapu wa chuo, kwa kuwa umesoma kwamba chuo hiki, Chuo Kikuu cha Kansas (KU), ndicho nyumba ya mpira wa kikapu. Ulichosoma ni kweli. James Naismith, aliyeubuni mchezo huo mwaka 1891, alihamia hapa mwaka 1898 akawa kocha wa kwanza wa timu ya chuo. Katika mashindano ya taifa ya vyuo wametwaa kombe mara nne, la mwisho mwaka jana tu. Msimu mpya unaanza Jumatatu ijayo na wametajwa namba moja nchini kabla hata hawajacheza. Wanafunzi hupokezana foleni siku nyingi ili wakae viti vya mbele. Hayo nitakuandikia siku nyingine. Leo nina habari za futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao wengi husema hapa hauna wenyewe.

Unao, Bakari. Jumamosi nimewaona.

Ili unielewe, lazima ujue timu ya futiboli ya chuo hiki imepitia nini. Mwanzoni mwa 2008 walishinda Orange Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za kufunga msimu, kule Florida, na Aprili mwaka huohuo kikapu nacho kikatwaa ubingwa. Baada ya hapo futiboli ikaporomoka. Mwaka 2015 walicheza mechi 12 wakafungwa zote 12. Mwaka 2020 walicheza tisa, wakafungwa zote tisa. Mwaka 2021 akaja kocha Lance Leipold, na Novemba ile wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Texas kwao, 57 kwa 56, kwenye muda wa nyongeza. Pasi ya mwisho aliidaka Jared Casey, kijana wa hapahapa Kansas aliyekuwa akiichezea timu bila kulipiwa masomo. Hadi leo watu wanasimulia walikuwa wamekaa wapi pasi ile ilipodakwa.

Jumamosi iliyopita walikuja Chuo Kikuu cha Oklahoma, ambao msimu huu walikuwa hawajapoteza hata mechi moja. Mara ya mwisho Kansas kuwafunga ilikuwa 1997. Mechi ilianza saa tano asubuhi, lakini watu walifika mapema mno, wakaegesha magari, wakafungua buti, wakatoa meza na majiko, wakaanza kuchoma nyama kwenye manyunyu. Usiyemjua anakuita ule. Uwanja wenyewe, Memorial Stadium, ulifunguliwa mwaka 1921 kuwakumbuka wanafunzi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Juu yake kuna kilima chenye mnara wa kengele, na wasio na tiketi hukaa palepale kwenye majani wakaangalia mechi.

Nilikaa kando ya mzee mmoja aliyekuja na taulo na kimto cha kukalia, maana viti vyetu ni mabenchi ya chuma. Alipanguza pake, kisha akapanguza na pangu bila kuniuliza. Mechi ikiwa katikati radi zikaanza, tukaamriwa kutoka majukwaani. Tukabanana chini ya jukwaa karibu saa nzima, maji yakichuruzika kwenye kuta. Nikamuuliza mzee kama mwaka ule wa 2015 alikuwa anakuja. Alikuja mechi zote za nyumbani. Nikamuuliza kwa nini, wakati kikapu kipo na kinashinda. Akasema, "Kule nikikosa, kiti changu kina watu kumi wanaokisubiri. Huku nisipokuja, kinabaki kitupu na vijana wanakiona."

Neno hilo limenikaa. Nimewasikia watu wakisema mashabiki wa futiboli hapa wanapitisha muda tu mpaka kikapu kianze. Sikubali. Mtu anayepitisha muda haoneshwi mlango na radi halafu akarudi kukaa kwenye chuma kilicholowa. Wengi walirudi, na mzee akatoa tena taulo lake, ingawa nalo lilikuwa limeshalowa chapachapa.

Mwisho wa mechi ndio ningependa uuone kwa macho yako. Sheria moja tu ushike: timu ina nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi, ikishindwa inaupoteza. Kansas wako nyuma 33 kwa 32, dakika zinaisha, wamebakiwa na nafasi ya nne na bado yadi sita. Uwanja mzima umesimama. Jason Bean akarusha mpira mrefu, Lawrence Arnold akaudaka, yadi 37. Muda mfupi baadaye Devin Neal akapenya nao hadi ndani ya eneo la kufungia, pointi sita, zimebaki sekunde 55. Neal ni mtoto wa mji huuhuu, shule ya sekondari kasoma hapa. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa akimwita kwa jina la kwanza kama anamwita mwanawe chakulani.

Oklahoma walirusha mpira wao wa mwisho, ukaanguka chini. 38 kwa 33.

Hapa timu ikipata pointi watu huinua mikono yote miwili na kuiyumbisha taratibu, wakiigiza shamba la ngano kwenye upepo, maana hii ni nchi ya ngano. Halafu huja wimbo wao, "Rock Chalk, Jayhawk, KU" (Jayhawk ni ndege wa kubuni aliye nembo ya timu), ambao asili yake ni kibwagizo alichotunga profesa wa kemia mwaka 1886. Huuvuta polepole sana, kwa sauti nzito, na mwili unakusisimka. Wakati huo vijana walikuwa wameshafurika uwanjani. Wakaing'oa nguzo ya goli, wakaibeba mabegani hadi ziwa dogo la chuo, Potter Lake, wakaitumbukiza majini. Hiyo ni desturi yao ya siku kubwa. Mzee hakushuka. Alibaki amesimama kwenye benchi, ananitikisa bega, anacheka na kufuta macho.

Nilikufikiria wewe na Coastal Union yako. Ubingwa mmoja, 1988, na bado kila mechi ya Mkwakwani upo, hata wenzio wote walipohamia Simba na Yanga. Wakati ule nilikuwa nakuona mkaidi. Sasa ningekuweka kati yangu na mzee yule mngeelewana bila mkalimani.

Tarehe 18 Novemba wanakuja majirani zao, Kansas State, na hao hawajawafunga tangu 2008. Mzee ameniambia nije mapema nile kwao kabla ya mechi, mkewe ndiye mchomaji. Nitaenda, na kimto nimeshanunua. Niandikie Coastal wanaendeleaje, na nitumie vipimo vyako vya shati, nataka nikuletee la bluu lenye Jayhawk kifuani.

Msalimie mama na watoto. Mwambie Mwanahawa kanga zake nimezipata salama.

Ni mimi nduguyo,
Athumani