Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: ruhusu laini moja iunganishe gari la dizeli na la umeme

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uwekezaji, Biashara na Viwanda,
Nairobi.

KUH: KANUNI ZA UUNGANISHAJI WA MAGARI YA UMEME NCHINI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wahandisi na mafundi wa kupanga na kuendesha laini za kuunganisha magari. Tunakuandikia kwa ombi moja: kanuni za magari ya umeme zisikilazimishe kiwanda kuchagua kati ya injini na betri. Laini ile ile inaweza kutoa lori la dizeli asubuhi na basi la umeme linalolifuata nyuma yake, mradi vituo vichache vibadilishwe vizuri na sheria isiweke vikwazo mahali pasipohitaji.

Hesabu ndiyo inayotusukuma kusema hivi. Kati ya 2020 na 2024 magari mapya yaliyouzwa nchini yalikuwa kati ya 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Idadi hiyo inagawanywa na viwanda vya Thika, Mombasa na hapa Nairobi, na kila kiwanda kina modeli zake kadhaa. Basi la umeme likipata wanunuzi 250 kwa mwaka, hilo ni basi moja kwa kila siku ya kazi. Kulijengea laini yake peke yake ni kununua mashine zitakazolala. Likiingizwa kwenye laini iliyopo, kreni, karakana ya rangi, mashine ya kupima breki na mafundi wale wale wanaendelea kuwa na kazi, na oda za umeme zikipungua mwezi mmoja hakuna anayeachishwa.

Kinachobadilika sakafuni ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Ekseli, breki, usukani, bodi, viti, vioo na taa hufungwa kwa namna ile ile. Injini, gia boksi, tangi la mafuta na ekzosi vinaondoka. Mahali pake huja betri kubwa, mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uzungushe mota), chaja na kebo za rangi ya machungwa zinazobeba umeme mkubwa. Kwenye basi, kompresa ya upepo na pampu ya usukani zilizokuwa zikizungushwa na injini hupata mota zao ndogo. Betri ya volti 24 inabaki pale pale.

Ugumu uko kwenye kituo cha kufunga betri, na hapo ndipo tunakuomba utusikilize kwa makini.

Kwanza ni uzito. Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, zikishafungwa ndani ya sanduku lake, hubeba takriban wati-saa 140 kwa kilo. Basi linalohitaji kilowati-saa 140 lina betri za tani nzima. Kreni iliyowekwa kwa ajili ya injini ya kilo 500 haiwezi kuzibeba. Kuongeza kreni juu ya paa la zamani pia si jambo la kufanya kabla ya mhandisi wa majengo kupima nguzo. Njia rahisi zaidi ni meza ya kuinua ya tani 2 inayokuja na betri kutoka chini, yenye magurudumu, ili ikiisha kazi iondolewe na kituo kirudie gari la dizeli.

Pili ni muda. Chukua kiwanda kinachotoa magari 10 kwa zamu ya saa 8. Ukitoa dakika 40 za mapumziko zinabaki 440, kwa hiyo kila kituo kina dakika 44 kwa gari. Tuseme kufunga injini na viungo vyake kunachukua dakika 35, na kufunga betri, kebo na mabomba ya maji yake dakika 70. Ukipanga gari moja la umeme baada ya mawili ya dizeli, wastani ni dakika 46.7, na laini inasimama. Ukipanga moja baada ya matatu ya dizeli, wastani unashuka hadi dakika 43.75, na laini inatembea, bora pawe na nafasi ya gari moja la kusubiri kabla ya kituo na jingine baada yake. Magari mawili ya umeme yakifuatana bila nafasi hizo, kituo kinachofuata kinakaa bure huku kilichotangulia kimeziba. Ndiyo maana mpangaji wa ratiba hapaswi kufuata tu utaratibu wa kontena zilivyofika.

Dawa nzuri zaidi ni kuitoa kazi nje ya laini. Betri ipimwe, ifungwe mabano yake na mabomba yake kwenye meza ya pembeni, iingie laini ikiwa imekamilika. Dakika 70 zinaweza kushuka hadi karibu 40, na hapo magari yanaweza kufuatana kwa utaratibu wowote. Gharama yake ni nafasi ya sakafu na mafundi wawili, wala si roboti. Kwa idadi zetu, troli za kusukumwa kwa mkono zilizopangwa vipande vya gari moja moja, kila troli na kadi ya rangi yake, zinazuia makosa vizuri kuliko mtambo wa mamilioni.

Kosa linalotuogopesha zaidi ni boliti ya kebo kubwa iliyokazwa vibaya. Rangi, mafuta au washa (pete ya boliti) isiyofaa ikibaki kati ya shaba na shaba, ukinzani unaongezeka. Nyongeza ya milioma 1 tu, umeme wa ampea 200 ukipita, ni wati 40 za joto mahali padogo kama kidole. Gari linatoka kiwandani salama, linapita majaribio yote, kisha miezi kadhaa baadaye kifuniko kinayeyuka likiwa limejaa abiria kwenye mlima. Ndiyo maana tunadai spana inayorekodi nguvu ya kukaza kila boliti, alama ya rangi juu ya boliti na nati yake, na fundi wa pili anayekagua. Rekodi hiyo itunzwe pamoja na namba ya chesisi kwa muda wote wa gari kuwa barabarani.

Kabla gari halijawashwa mara ya kwanza, kihami, yaani kinachozuia umeme mkubwa kuvuja hadi kwenye chesisi, kipimwe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100 inahesabu umeme wa moja kwa moja (DC) unaozidi volti 60 kuwa wa hatari, na inataka angalau oma 100 kwa kila volti kwa saketi za aina hiyo, au oma 500 kwa kila volti pale zinapoungana na saketi za umeme geu (AC). Kwa mfumo wa volti 600, sharti hilo la pili linamaanisha angalau oma 300,000. Sanduku la betri, mota na inveta navyo viwe vimeunganishwa na chesisi kwa ukinzani usiofika oma 0.1. Majaribio haya yote mawili hayamalizi robo saa. Tunaomba Shirika la Viwango, KEBS, liyafanye sharti la kila gari linalotoka laini, si la gari la sampuli pekee.

Karakana ya rangi ina mtego wake. Tanuri la kukausha rangi ya msingi hufika nyuzi 160 na zaidi, kwa hiyo betri hufungwa baada ya rangi. Hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni gari lililochubuka mwishoni mwa laini. Gari la dizeli hurudishwa kwenye chumba cha marekebisho cha nyuzi 60 hadi 80 na mambo yanaisha. Gari la umeme likiingizwa humo na betri yake, seli zinazeeka kabla ya kuuzwa. Sehemu iliyochubuka ikaushwe kwa taa ya joto iliyoelekezwa hapo hapo, au betri itolewe kwanza.

Mheshimiwa, suala la bodi za matatu limesahaulika katika mijadala mingi, na pengine ndilo linaloweza kuua watu. Bodi nyingi za mabasi hapa Nairobi hujengwa juu ya chesisi ya lori na wajenzi wa bodi wa Industrial Area na mitaa mingine. Wanachomelea na kutoboa moja kwa moja juu ya chesisi. Wamefanya hivyo kwa miaka mingi na wana ustadi wa kweli. Lakini ampea 150 za welding hutafuta njia fupi ya kurudi. Klampu ya ati (inayorudisha umeme kwenye mashine ya welding) ikishikwa mbali, umeme unapita kwenye bearing, waya za data na kompyuta ya betri. Kompyuta hiyo ikiharibika nusu, inaweza kuacha kuona seli inayopata joto. Drili nayo inaweza kupenya reli ya chesisi na kukuta kebo ya volti 600 upande wa pili.

Utaratibu unaofaa ni fremu ya bodi ichomelewe yote peke yake kwenye jigi (kifaa kinachoshikilia vyuma mahali pake vikichomelewa), kisha ishushwe juu ya chesisi na kufungwa kwa boliti kwenye mabano yaliyowekwa na mtengenezaji. Kama kuna sehemu lazima ichomelewe juu ya chesisi, plagi ya kukata umeme wa betri kubwa ichomolewe na kuwekwa mfukoni mwa fundi mmoja, betri ya volti 24 itolewe, isubiriwe muda ulioandikwa na mtengenezaji ili kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) ziishiwe, umeme upimwe kuhakikisha umeshuka chini ya volti 60, na klampu ikae karibu na sehemu inayochomelewa. Tunaomba kiwango cha KS 372 cha bodi za magari ya abiria kiyaseme haya wazi, na wajenzi wa bodi wasaidiwe kupata jigi. Kanuni ikija bila jigi, itawafungia kazi watu ambao nchi inawahitaji.

Kuhusu mafundi, hakuna haja ya kuwafanya wote kuwa wataalamu wa umeme mkubwa. Kila anayegusa laini ajue kebo ya machungwa haiguswi. Kundi dogo lifunzwe kuzima mfumo, kupima na kufunga kebo, wasipungue wawili kwa kila zamu ili asiwepo anayefanya kazi hiyo peke yake. Wachache zaidi waruhusiwe kufungua sanduku la betri. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, tayari ina mfumo wa kupima mafundi kwa madaraja. Tunaomba madaraja haya matatu yaingizwe humo, pamoja na mazoea madogo kama kupuliza glavu za mpira hewa kabla ya kuzivaa, maana tundu la sindano halionekani kwa macho.

Sasa forodha. Vipande vya CKD, yaani gari linaloletwa likiwa limetenganishwa kabisa, huingia bila ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sababu vimetenganishwa na kazi ya kuviunganisha inafanywa hapa. Fikra hiyo ilikua pamoja na injini. Betri hufika ikiwa sanduku moja lililozibwa, na haifai kutenganishwa. Kifuniko chake kimefungwa kuzuia maji, na kikifunguliwa lazima kipimwe uvujaji upya kwa vifaa maalumu. Tafsiri ya CKD kwa gari la umeme iikubali betri kama kipande kimoja, na ihesabu kazi halisi iliyofanyika hapa: kuchomelea, rangi, kufunga kebo, majaribio. Na kiwanda kiruhusiwe kuweka vipande vya dizeli na vya umeme katika ghala moja la forodha, kwa rekodi tofauti, bila kujenga ukuta katikati.

Betri pia hazivumilii kusubiri. Husafirishwa kama shehena ya hatari ya daraja la 9, namba UN 3480, zikiwa na chaji ya wastani. Kontena likikaa wiki kadhaa juani Mombasa au kwenye bandari kavu ya Embakasi, joto linazeesha seli. Likicheleweshwa miezi, seli moja inaweza kushuka mbali sana chini ya volti 2.5, shaba ya ndani ikaanza kuyeyuka, na betri ikichajiwa tena shaba hiyo hujenga njia ya shoti ndani ya seli. Karatasi za shehena hizi zikaguliwe kabla meli haijafika, zitengewe sehemu yenye kivuli, na betri iliyoanguka au kugongwa itengwe mbali na majengo kwa siku kadhaa, kwa kuwa moto wake unaweza kuwaka baada ya kila mtu kuondoka.

Umeme wa kuchaji magari mwisho wa laini si tatizo kubwa: magari 10 yakiongezewa kilowati-saa 20 kila moja ni 200 kwa siku. Kinachoumiza ni stima kupotea wakati kompyuta ya gari inaingiziwa programu, kwa sababu inaweza kufa pale pale. Betri ya akiba kwa kituo hicho kimoja inatosha.

Mwisho ni kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka mabasi ya umeme na betri za lithiamu katika VAT ya kiwango cha sifuri, na viwanda vikaanza kupiga hesabu. Kusamehewa VAT kunasikika kama jambo lile lile, lakini aliyesamehewa, tofauti na aliye kwenye kiwango cha sifuri, hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye vifaa vyake, kwa hiyo gharama inarudi ndani ya bei ya gari linalounganishwa hapa. Meza ya kuinua betri na vifaa vya kupima hurudisha pesa yake kwa miaka, ilhali kanuni zinaweza kugeuka kila Juni. Tunakuomba uzungumze na mwenzako wa Hazina ili kiwango kilichowekwa kwa vipande na betri kisiguswe kwa miaka 5, na mabadiliko yoyote baada ya hapo yatangazwe miezi 12 kabla. Rasimu yoyote ya tafsiri ya CKD tuletewe sakafuni kabla ya kuchapishwa. Tutaipima kituo kwa kituo na kukurudishia majibu ndani ya siku 30.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wahandisi na mafundi wa uunganishaji wa magari,
Nairobi.